Tembo, Mlima na Mahali pa Kusimama

Kuna picha ambayo karibu kila mtu wa Afrika Mashariki ameiona, kwenye kalenda ya ukutani au kwenye bango la utalii: tembo wamesimama kwenye tambarare ya Amboseli, na nyuma yao Mlima Kilimanjaro umejaa anga yote, kilele cha Kibo kimekaa juu ya migongo yao. Mgeni anayefika pale kwa mara ya kwanza huinua simu, hubonyeza, kisha hutazama kioo na kukuta kitu kingine kabisa. Tambarare ni pana mno, tembo ni vidoa, na mlima uliokuwa ukimtisha machoni umekuwa kichuguu. Akiuliza, jibu analopewa ni lile lile siku zote: inataka lenzi kubwa.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na mimi nimeona wapiga picha wengi wakitumia fedha nyingi kwa sababu ya nusu iliyobaki.

Tufanye hesabu kwanza. Kutoka katikati ya hifadhi hadi Kibo ni kama kilomita 47. Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na tambarare yenyewe iko kwenye mita 1,150 hivi, kwa hiyo mlima umeinuka kama mita 4,700 juu ya pale uliposimama. Gawanya kimo kwa umbali, unapata moja ya kumi. Sasa mchukue tembo dume mwenye kimo cha mita 3, aliyesimama mita 30 kutoka kwenye gari lako. Tatu kwa thelathini, nayo ni moja ya kumi. Maana yake, ukiwa hapo ulipo, tembo na mlima wana kimo kimoja machoni pako, na watakuwa na kimo kimoja katika picha yoyote utakayoipiga kutoka hapo, iwe kwa simu ya bei rahisi au kwa lenzi ndefu kama mkono. Tembo akisogea hadi mita 15 atakuwa mara mbili ya mlima. Akirudi nyuma hadi mita 60, mlima utakuwa mara mbili yake. Uwiano huo unaamuliwa na umbali peke yake.

Basi lenzi inafanya nini? Inaamua ukubwa wa taswira itakayoangukia filamu. Kila lenzi ina urefu wa fokasi, ambao kwa lugha nyepesi ni umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi kwenye filamu pale kitu cha mbali sana kinapoonekana wazi. Lenzi ya milimita 50 itauchora mlima wetu, wenye uwiano wa moja kwa kumi, kwa kimo cha milimita 5 kwenye filamu. Lenzi ya milimita 24 itauchora kwa milimita 2.4, na ya milimita 200 kwa milimita 20. Filamu ya kawaida iliyozoeleka kwetu ina fremu ya milimita 24 kwa 36. Kwa hiyo lenzi ya 24 inaupa mlima sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha, na ya 200 inakaribia kuijaza picha yote. Lakini angalia: katika zote tatu, tembo wa mita 30 ameongezeka na kupungua sawasawa na mlima. Ungechukua picha ya lenzi ya 24, ukaikata kipande cha katikati na kukikuza, ungepata picha ile ile ya lenzi ya 200, ila yenye chembe za filamu zinazoonekana.

Mwongozaji Alfred Hitchcock aliuonyesha ukweli huu mwaka 1958 katika sinema ya Vertigo. Kwenye ngazi za mnara, kamera inasogea upande mmoja huku lenzi ya kuzumu, yaani yenye urefu wa fokasi unaobadilika, ikirekebishwa kinyume chake, na shimo la ngazi linarefuka kama mpira unaovutwa. Mwendo wa kamera unabadilisha uwiano wa vitu vya karibu na vya mbali. Kuzumu kunarekebisha ukubwa tu ili fremu isipotee. Mtazamaji anahisi kizunguzungu kwa sababu mambo mawili anayoyaona pamoja siku zote yametenganishwa mbele yake.

Sasa tuje kwenye upeo, yaani kiasi cha dunia kinachoingia ndani ya fremu. Upeo hupimwa kwa nyuzi, na hauko ndani ya lenzi peke yake wala ndani ya filamu peke yake. Ni uhusiano kati ya vitu viwili, upana wa fremu na urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 50 kwenye fremu yenye upana wa milimita 36 inaona nyuzi 40 kwa upana wa picha. Ya 24 inaona karibu nyuzi 74. Ya 200 inaona nyuzi 10 tu. Ukiichukua ile ya 50 ukaifunga mbele ya sensa ndogo yenye upana wa milimita 23.6, kama zilivyo kamera nyingi za kidijiti za bei ya wastani, upeo wake unashuka hadi nyuzi 27 hivi. Watu husema lenzi imekuwa ya 75. Haikuwa. Milimita 50 zake ziko pale pale, na taswira ya mlima bado ina kimo kile kile cha milimita 5. Kilichobadilika ni dirisha: lenzi inamwaga duara la mwanga, na fremu ndogo inakata kipande kidogo zaidi katikati ya duara hilo.

Duara hilo lina mpaka, na ndiyo maana biashara ya kubadilishana lenzi inaenda upande mmoja. Lenzi iliyotengenezwa kwa filamu kubwa itafanya kazi kwenye fremu ndogo bila shida. Lenzi ya fremu ndogo ikiwekwa mbele ya filamu kubwa itakuachia picha ya mviringo iliyozungukwa na giza, kama unachungulia kupitia bomba.

Majina yenyewe yanachanganya, na ni haki kuyalaumu. Tunaposema filamu ya 35, tunataja upana wa utepe wote pamoja na matundu yake ya pembeni, si upana wa picha. Lenzi ya 35 ni jambo jingine, hesabu ya fokasi. Na filamu inayoitwa sita kwa sita, ya sentimita, kwa kweli inabeba picha ya milimita 56 kwa 56. Kijana anayeanza kazi anakutana na tarakimu hizi zote siku moja dukani, na hakuna anayemwambia kwamba hazipimi kitu kimoja.

Utepe wa milimita 35 ulizaliwa kwa ajili ya sinema, katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani, ambako William Dickson aliutumia utepe huo, filamu ya George Eastman, katika miaka ya mwanzo ya 1890. Picha za sinema zilipangwa zikishuka, kila moja ikiwa na milimita 18 kwa 24. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz katika mji wa Wetzlar nchini Ujerumani, ndiye aliyeulaza utepe ule na kuiongeza picha mara mbili, ikawa 24 kwa 36. Kamera yake ya majaribio ilikuwa tayari kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijashika kasi, lakini kamera yenyewe, Leica, ilifika sokoni mwaka 1925, kwenye maonyesho ya Leipzig, ikiwa na lenzi ya milimita 50. Tangu hapo 50 ikaitwa lenzi ya kawaida, dunia nzima. Kanuni ya mafundi inasema lenzi ya kawaida iwe na fokasi sawa na mshazari wa fremu, kutoka pembe hadi pembe, na mshazari wa 24 kwa 36 ni milimita 43. Kwa hiyo hata hiyo kawaida yetu imevuka kanuni kidogo kuelekea upande wa kusogeza vitu karibu. Kizazi kizima kilijifunza kuiona dunia kupitia uamuzi wa karakana moja.

Filamu ya 120, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1901, ina historia tofauti. Juu yake zilijengwa Rolleiflex na Hasselblad ya mwaka 1948, kamera za picha za mraba, ile sita kwa sita. Lenzi yao ya kawaida ni ya milimita 75 au 80. Vitabu vingi vitakuambia kwamba 80 kwenye mraba ni sawa na 44 kwenye filamu ya 35, wakilinganisha mishazari. Nimefanya kazi na zote mbili na ulinganisho huo haujawahi kuniridhisha, maana mraba na mstatili havina umbo moja. Pima kwa upana, na 80 kwenye mraba inaona nyuzi 39, karibu sawa kabisa na 50. Pima kwa kimo, na mraba unaona nyuzi hizo hizo 39 wakati lenzi ya 50 iliyolazwa inaona 27 tu. Ungehitaji lenzi ya 34 kuifikia. Mpiga picha wa harusi aliyezoea mraba anaposhika kamera ya 35, anajikuta akikata viatu vya bwana harusi au dari ya ukumbi, na hajui ni kwa nini, kwa sababu jedwali limemwambia kwamba lenzi zake zinalingana.

Kwa nini basi kubeba filamu kubwa na nzito? Sababu ya kwanza ni ukuzaji. Kupata picha yenye upana wa sentimita 30, fremu ya 35 hukuzwa mara 8 na zaidi kidogo. Mraba wa milimita 56 hukuzwa mara 5.4 hivi. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alitumia filamu ya sentimita 13 kwa 18 na kuichapa moja kwa moja juu ya karatasi, bila kuikuza hata kidogo. Kila uzi wa nguo, kila shanga, umefika kwenye karatasi kama ulivyoangukia filamu. Ukizitazama picha zake kwa karibu unaelewa kwamba saizi ya filamu ni suala la heshima pia: mwanamke aliyevaa vazi lake bora la boubou amepewa nafasi ya kutosha kwa kila ua la kitambaa.

Sababu ya pili ni ukungu wa nyuma ya mtu, ule unaopendwa sana siku hizi. Huo hutegemea zaidi upana halisi wa tundu la lenzi. Lenzi ya 80 iliyofunguliwa f/2.8, yaani fokasi ikigawanywa kwa 2.8, ina tundu la milimita 28 na nusu. Lenzi ya 50 yenye f/2.8 ina tundu la milimita 18. Lenzi ya simu, yenye fokasi halisi ya milimita 6 au 7 na f/1.8, ina tundu lisilofika milimita 4. Picha ya simu ikikatwa kidogo, zote tatu zinaweza kukupa upeo unaokaribiana, lakini simu itaonyesha karibu kila kitu wazi, kuanzia uso hadi mnazi wa nyuma. Ndiyo maana simu hulazimika kuuchora ukungu kwa programu, na ndiyo maana nywele za mtu hukatwa vibaya pembeni.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaliamini na linastahili kuchambuliwa kwa utaratibu: kwamba lenzi ndefu inabana umbali, inaleta mlima karibu na tembo. Tumeshaona kwamba haigusi uwiano wao. Lakini hisia ya kubanwa ni ya kweli, haitoki hewani. Inatoka kwenye mahali anaposimama mtazamaji wa picha. Picha iliyopigwa kwa lenzi ya 50 kwenye filamu ya 35, ikakuzwa mara 8, inaonekana kwa uwiano wa asili ukiitazama kutoka milimita 400, sentimita 40, umbali ule ule tunaoshikia gazeti. Hapo ndipo ulipo ukawaida wa lenzi ya kawaida. Picha ile ile ikipigwa kwa lenzi ya 200, ingepaswa kutazamwa kutoka mita 1.6. Hakuna anayefanya hivyo. Tunaishika karibu kama kawaida, na umbali wote ndani yake unaonekana umekunjwa. Ya lenzi ya 24 ingepaswa kutazamwa kutoka sentimita 19, karibu na pua, na kwa kuwa hatufanyi hivyo, kingo zake zinaonekana zimevutwa.

Nilijifunza kazi hii kwenye studio ndogo mjini Tanga, enzi za mkanda wa picha 36. Fundi wangu alikuwa amechora mstari wa chaki sakafuni, kama mita moja na nusu kutoka kwenye kiti cha mteja. "Usivuke chaki, mwanangu," alikuwa akiniambia, na nilipomuuliza sababu alisema tu kwamba ukivuka, mteja atarudisha picha. Miaka mingi baadaye niliipigia hesabu. Kutoka ncha ya pua hadi kwenye sikio ni kama sentimita 12. Ukimpiga mtu kutoka sentimita 30, kama kijana anavyojipiga kwa simu, sikio liko sentimita 42 kutoka kwenye lenzi na pua iko 30, hivyo pua inakuzwa mara 1.4 kuliko sikio. Kwenye mstari wa chaki, uwiano huo unashuka hadi 1.08, na mtu anafanana na sura ambayo ndugu zake wanaifahamu. Lenzi ya 85 au 105 ambayo mafundi huiita lenzi ya sura haina dawa yoyote ndani ya kioo chake. Upeo wake ni mwembamba, kwa hiyo inakulazimisha kurudi nyuma ili kichwa kiingie. Miguu ndiyo iliyotengeneza uso. Wanaopiga picha za pasipoti kwa simu leo wangefanya vema kusimama mbali, kisha kukata kipande wanachokihitaji.

Kwa picha za kundi, tatizo linageuka. Lenzi pana huvuta kila kilicho ukingoni. Kwenye lenzi ya 24, kichwa kilichokaa ukingo wa kushoto au wa kulia kinatanuka kwa robo nzima kuliko kimo chake. Kwenye ile kamera ya simu yenye alama ya 0.5, bila msaada wa programu, kingetanuka zaidi ya mara moja na nusu. Kwenye harusi, waliopangwa pembeni kabisa mara nyingi ni mashangazi na wajomba, watu waliosafiri usiku kucha kutoka Songea au Bukoba, na picha wanayopelekewa inawaonyesha kama hawakuwa wao. Rudi nyuma, tumia lenzi ya 35 au 50. Kama chumba hakitoshi, wapange kwa nusu duara ili wa katikati wasogee mbele na wa pembeni warudi nyuma, au acha nafasi tupu pande zote mbili.

Kisha kuna karatasi. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano sawasawa na fremu ya 24 kwa 36, hivyo mkanda ulisafishwa bila kupoteza kitu. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa tatu kwa nne. Ikichapwa kwenye karatasi ile ile, mashine inakata sehemu moja kati ya tisa za upande mfupi, na katika picha iliyolala hiyo ni vichwa vya waliosimama nyuma au magoti ya waliokaa mbele. Wateja humlaumu mchapaji. Mwenye picha angeacha pumzi kidogo juu na chini, hakuna kichwa kingepotea.

Nimesisitiza miguu mno, na mtu wa Zanzibar ana haki ya kunipinga. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, mlango wa kuchongwa uko mbele yako na ukuta wa nyumba ya pili uko mgongoni. Huna pa kurudi. Hapo lenzi ya 24 au ya 28 ni ya lazima, na uwiano unaoupata ni ule ambao waashi wa kichochoro waliuamua walipokijenga. Ukiinua kamera ili kupata nyumba nzima, kuta zitainamiana juu kama zinataka kuanguka. Kamera za zamani za mabamba zilikuwa na tiba yake: mbao inayobeba lenzi hupandishwa huku filamu ikibaki wima, na nyumba inasimama sawa. Filamu haikuinama, kwa hiyo kuta hazikuinama. Kamera ndogo zilipoteza uwezo huo, na lenzi chache za gharama kubwa ndizo zinazourudisha. Asiye nayo ashike kamera wima, aweke nyumba katika nusu ya juu ya fremu, kisha akate barabara iliyobaki chini.

Amboseli nako miguu imefungwa. Gari haliruhusiwi kuacha njia, na abiria haruhusiwi kushuka popote apendapo. Unafika kabla ya jua kuchomoza kwa sababu mawingu yakishaupanda mlima hutauona tena hadi jioni. Lenzi ya 200 iko tayari, milimita 20 za mlima ndani ya fremu ya milimita 24. Tembo yuko mita 60, nusu ya kimo cha Kibo, na wewe huna hatua hata moja ya kupiga. Unazima injini, unangoja. Anatembea kuja upande wako, aking'oa nyasi, mita 50, mita 40, na kila hatua yake anainuka dhidi ya mlima uliotulia.